Bi Batuli na Deni la Gulwe

Batuli Mrisho alikuwa na miaka arobaini na mitano alipoajiriwa kwa muda katika ofisi yetu ya takwimu pale Dodoma, mwaka 2000, na sisi tuliokuwa na vyeti tulidhani ameletwa kupiga chapa. Hatukuwa na sababu ya kudhani vingine. Alikuwa amepiga chapa miaka kumi na minane katika shirika la umma lililokuwa likinunua mazao ya mkoa, mpaka shirika lilipofungwa na kila mfanyakazi akapewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Barua hizo alizipiga chapa yeye mwenyewe, mia moja sitini na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya kwake.

Alizaliwa Kondoa mjini, binti wa mwenye duka, mwembamba, mtulivu, na mtandio wake siku zote ulikuwa umepigwa pasi. Kwetu alikuja kama mdadisi, yaani mtu wa kuzunguka na dodoso na kuuliza maswali.

Miaka hiyo nchi ilikuwa imefungua milango. Mashirika yaliuzwa, wageni walinunua vinu, machimbo na mashamba, na hapakuwa na mkutano uliokwisha bila neno mwekezaji kutajwa. Lakini wageni hao walikuwa wameleta mtaji kiasi gani, na kwa njia gani? Hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Ndipo dodoso likaletwa. Katika kanda yetu makampuni yenye wamiliki kutoka nje yalikuwa kumi na moja tu, na tukagawana. Kabla ya kutoka, kila mdadisi alisimama mbele ya hakimu akala kiapo kwamba atakachoambiwa na kampuni hatamwambia mtu yeyote nje ya ofisi ya takwimu maisha yake yote. Wengine tuliapa haraka haraka, maana gari lilikuwa likisubiri. Bi Batuli aliomba asomewe maneno mara ya pili.

Mimi, Lydia, nilipewa makampuni ya Dodoma mjini. Yeye akapewa Gulwe.

Gulwe ni kijiji cha reli, wilaya ya Mpwapwa. Palikuwa na kiwanda cha kukamua alizeti ambacho zamani kilikuwa cha ushirika, kikafa, kikanunuliwa na kampuni ya nje mwaka 1995. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingemsaidia mtu. Siku hizi kiwanda ni ghala, na kampuni ile haipo tena hata huko kwao. Wakati ule lakini kilikuwa uhai wa eneo lote. Wakulima walipima alizeti pale, wenye ng'ombe walinunua mashudu pale, na mtu akipata kazi ya kudumu kiwandani, nyumbani kwao walichinja mbuzi.

Mhasibu wa kiwanda alikuwa Alfonce, kijana wa Mpwapwa, mkarimu, mwenye mafaili yaliyopangwa vizuri. Alimwamkia Bi Batuli shikamoo, akamletea kiti, akajaza dodoso kwa dakika ishirini. Kulikuwa na mstari mmoja uliouliza mtaji uliotoka nje. Alfonce aliandika pale dola milioni mbili na laki moja. Bi Batuli akaitazama ile namba, kisha akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi.

"Hizi zote mwenye kiwanda amezitoa kama mali yake?"

Alfonce alisita kidogo. Akavuta faili jingine. "Hapana, mama. Laki mbili ndizo hisa zake. Nyingine ni mkopo."

"Mkopo wa benki gani?"

"Si benki. Ni kampuni mama, huko nje. Ilinunua mashine, ikazileta, ikaandika kwamba kiwanda kimekopeshwa."

"Lakini kiwanda ni cha nani?"

"Ni cha hiyo hiyo kampuni mama."

Bi Batuli aliniambia baadaye kwamba pale aliweka kalamu chini. Alimwomba Alfonce aeleze tena polepole, na Alfonce akaeleza. Mwenye mali akiweka hisa, hupata kitu pale tu kiwanda kinapopata faida, na faida hiyo hukatwa kodi kwanza. Akiweka mkopo, riba yake hulipwa kila mwaka, faida iwepo isiwepo, na riba huhesabiwa kuwa gharama inayotolewa kabla ya kodi. Na siku mambo yakiharibika, mwenye hisa hungoja nyuma ya watu wote, ila mwenye mkopo husimama kwenye foleni na wadai wengine. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa amesimama mahali pawili, ndani ya nyumba kama mwenye nyumba na mlangoni kama mdai.

Alirudi Dodoma akiwa ameshangaa kwa namna ambayo sijaona mtu akishangaa kwa ajili ya hesabu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba kizima ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. Alinikalisha akanieleza jinsi marehemu baba yake, Mzee Mrisho, alivyokuwa akichukua sukari dukani kwake mwenyewe kwa ajili ya nyumbani na kuiandika kwenye daftari la wakopaji, jina lake likiwa la kwanza. Watoto walikuwa wakimcheka. "Kumbe baba alikuwa kampuni mama," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu kazini.

Kisha tabasamu likaisha, kwa sababu alikuwa ameona jambo. Madodoso yetu yote kumi na moja yalikuwa na mstari mmoja tu wa mtaji kutoka nje. Ikiwa Gulwe ilikuwa hivi, je, mengine kumi? Tulikuwa tumeandika kana kwamba wageni wameleta mali yao nchini na kuipanda kama mti, kumbe huenda sehemu kubwa ilikuwa deni.

Alikwenda kwa mkuu wetu, Bwana Methusela, mtu wa kanuni, na kumwomba turudi kwenye makampuni yote. Bwana Methusela alisema taarifa imekwishakwenda makao makuu. Alisema pia kwamba mvua zimeanza na fungu la mafuta limekwisha. Bi Batuli hakubishana. Alimuuliza tu kama kuna kanuni inayomkataza mdadisi kurudi kwa nauli yake. Bwana Methusela alifikiri, akasema haipo.

Basi akarudi, kwa basi, kwa lori la mkaa, na mara mbili kwa miguu. Alikwenda machimboni, alikwenda kwenye shamba la zabibu, alikwenda kwa wenye kiwanda cha ngozi ambao kwanza walimfungia geti, akakaa nje kwenye benchi la mlinzi siku mbili mpaka wakamwonea haya. Hakuwahi kupandisha sauti. Alisalimia, akaketi, akasubiri.

Safari ya mwisho ilikuwa Gulwe tena, kuchukua hesabu za miaka ya nyuma. Treni iliishia Msagali. Mto ulikuwa umepanda juu ya tuta, na barabara ya Mpwapwa nayo ilikuwa imekatika. Abiria wengine walilala stesheni kungoja. Yeye alivua viatu akavifunga kwenye mkoba, akafuata reli, taruma baada ya taruma, tangu asubuhi hadi alasiri, madodoso yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa tumboni chini ya kanga. Mlinzi wa kiwanda, mzee wa Kigogo, alipomwona akitokea kwenye reli peke yake alimsalimia mbukwa mara tatu bila kungoja jibu, akakimbia kumwita Alfonce.

Alipopata namba zote alinunua karatasi ya grafu duka la vitabu, akachora mistari miwili, wa bluu wa hisa na mwekundu wa mikopo kutoka kwa wenye makampuni, tangu mwaka 1993 hadi 2000.

"Lydia, njoo uone," aliniita.

Nikaona. Miaka ya mwanzo mstari wa bluu ulikuwa juu, mwekundu ukitambaa chini kama njia ya siafu. Mwaka 1996 mwekundu uliinua kichwa. Mwaka 1998 mistari ilikutana. Baada ya hapo mwekundu ulipanda na haukuangalia nyuma, na wa bluu ukabaki karibu pale pale. Nilikuwa na shahada ya uchumi, nimesoma vitabu juu ya jambo hili, na bado niliifuata mistari ile kwa kidole, mwaka baada ya mwaka. Machimbo hayakumjua mwenye zabibu, na mwenye zabibu hakumjua mwenye alizeti. Kila mmoja alikuwa amefanya uamuzi wake ofisini kwake katika nchi yake, na sasa wote walikuwa wametembea pamoja kwenye karatasi ya shilingi hamsini, katika mkoa ambao wengi wao hawajawahi kuukanyaga.

Bwana Methusela aliitazama karatasi ile muda mrefu. Alisimama, akampa mkono, na siku hiyo hiyo akaandika barua makao makuu kukiri kwamba taarifa yetu ya kwanza ilikosea. Mwaka uliofuata dodoso lilikuja na mistari miwili. Sisemi ni kwa sababu ya Bi Batuli. Huenda mikoa mingine nayo ilikuwa imeona.

Sasa nieleze habari ya Rahimu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nimwelewe mwanamke huyu.

Rahimu alikuwa mume wa Salha, mdogo wake Bi Batuli. Walikuwa wamehamia Gulwe, Rahimu akinunua alizeti vijijini na kuipeleka kiwandani, na biashara ilikuwa nzuri. Mwaka 2002 alipata wazo la kununua lori. Pesa hazikutosha, ila Salha alikuwa amerithi vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya Mzee Mrisho kule Kondoa, na mnunuzi alikuwepo. Rahimu akaja Dodoma kwa shemeji yake. Alikuwa amesikia kwamba kila mwaka Bi Batuli huingia ofisini kwa mhasibu wa kiwanda na kufungua mafaili.

"Shemeji, sikuulizi siri," alimwambia. "Nataka neno moja tu. Kiwanda kile kimesimama imara au hakijasimama?"

Bi Batuli alijua. Alijua kwamba riba ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko mishahara ya wafanyakazi wote. Alijua kwamba mkopo ulitakiwa kulipwa ukiiva mwaka 2003, na kwamba kampuni mama ingeweza kudai, ikang'oa mashine na kuondoka. Alijua pia kwamba huenda isifanye hivyo.

"Siwezi kukuambia, shemeji."

"Basi niambie kuhusu nyumba. Tuuze au tusiuze?"

Hapo, aliniambia, ndipo palikuwa pagumu kuliko tuta la Msagali. Angesema msiuze, angekuwa amesema yote. Alijaribu kutafuta maneno ya dada mkubwa tu, ya mtu asiyejua kitu, akagundua hana. Akamwambia nyumba ni ya Salha, waamue wenyewe. Rahimu alimtazama usoni akitafuta ishara, na Bi Batuli akainama kumimina chai ili uso wake usionekane.

Wakauza. Lori likanunuliwa, Fuso ya mitumba, rangi ya kijani.

Mwaka 2003 mvua ilikosekana. Wazee wa Mpwapwa wanaikumbuka. Alizeti ilikauka ikiwa kimo cha goti, kiwanda kikashindwa kulipa mkopo ulioiva, kikazima mashine mwezi wa sita, na wafanyakazi wakaambiwa wangoje nyumbani. Lori la Rahimu likawekwa juu ya mawe, matairi yakauzwa mawili mawili mpaka yakaisha. Salha aliposikia watu wakisema kiwanda kilikuwa na deni kubwa tangu zamani, alipanda basi hadi Dodoma akasimama mlangoni kwa dada yake. Hakutukana. Alisema, "Dada, vyumba vya baba," basi, akarudi na basi la mchana.

Bi Batuli hakujitetea. Alituma magunia ya mahindi kutoka Kondoa. Aliwachukua watoto wawili wa Salha akawasomesha Dodoma kwa mshahara ule wa muda. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie basi, hata sasa, kwamba aliapa. Akasema kwamba akisema aliapa, atakuwa anajisafisha yeye, na wao hawatapata kitu.

Mwezi wa pili mwaka 2004 alikwenda tena na dodoso. Kiwanda kilikuwa kimya, mbayuwayu wamejenga ndani ya mzani. Alfonce alikuwa peke yake ofisini, amekonda, na mbele yake palikuwa na bahasha iliyofika siku mbili kabla. Alijaza ukurasa wa kwanza. Alipofika kwenye mstari wa mkopo kutoka kwa mwenye kampuni, akaandika sifuri.

Bi Batuli alidhani amekosea. "Mkopo umekwenda wapi?"

"Umegeuzwa hisa, mama. Wamekaa huko wakaona kudai hakutawapa kitu. Nani atanunua mashine hizi hapa? Wakaamua deni liwe mtaji." Akatoa karatasi kwenye bahasha. "Ni hii tu. Ukurasa mmoja, sahihi mbili."

Aliishika ile karatasi. Aliigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi, nyuma palikuwa patupu. Dola zaidi ya milioni mbili, pamoja na riba iliyolimbikizwa, deni lililozima mashine, lililoweka lori juu ya mawe, lililomtoa Salha Gulwe hadi mlangoni kwake, lilikuwa limekwisha kwa mistari kumi na minne ya chapa. Aliihesabu. Yeye aliyepiga chapa maisha yake yote hakuwahi kujua kwamba maneno machache namna ile yanaweza kubeba kitu kizito namna ile. Akailaza mezani, wote wawili wakaitazama.

"Mashine zitawashwa?" aliuliza mwishoni.

"Mvua ikiendelea hivi, mwezi wa sita."

Alipotoka getini alimkuta Rahimu. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori lake lisilo na matairi, akisuka kamba. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Mvua ya mwaka ule ilikuwa njema, na Rahimu alisema anafikiria kuuza lori kama chuma chakavu, mnunuzi wa Morogoro atakuja keshokutwa. Alisema tu kama mtu anayetoa habari zake, hakuuliza kitu.

Safari hii siri ilikuwa njema, na kiapo kilikuwa kile kile. Bi Batuli alisimama pale. Kisha akamwambia shemeji yake kwamba ana pesa kidogo za akiba, na kama anauza lori, anaomba alinunue yeye kwa bei ile ile ya chuma chakavu, libaki kwa Rahimu mwenyewe, na siku akiweza amrudishie pesa. Rahimu alidhani ni huruma ya mahindi na karo ikiendelea. Aliona aibu, akataka kukataa, lakini alikuwa na njaa, akakubali.

Nilipolisikia hilo nilimwambia Bi Batuli kwamba hapo alikuwa ameikaribia sana mipaka ya kiapo. Akasema anajua, na kwamba jambo hilo lilimkosesha raha siku nyingi. Alikuwa amejiuliza kama angelinunua lori lile hata bila kuiona ile karatasi. Aliamini angelinunua. Lakini hakuwa na hakika, na hakutaka kujidanganya.

Siku kumi na moja baadaye meneja aliwaita wafanyakazi na wanunuzi wa alizeti akatangaza yote hadharani, mkopo, hisa, tarehe ya kuwasha mashine. Rahimu alikuja Dodoma kesho yake. Nilikuwepo, tulikuwa tunakula.

"Shemeji, ulijua," alisema, kabla hata ya kukaa.

"Kaa ule kwanza."

"Mwaka ule nilipokuja, ulijua. Na juzi, ulijua."

"Hata leo usiniulize, Rahimu."

Alikaa. Alimtazama, nami nikauona uso wake ukibadilika, hasira ikitoka na kitu kingine kikiingia, kama mtu aliyepita miaka chini ya mlima na leo tu ndipo ameinua macho. Hakuomba msamaha, wala hakuombwa. Alinawa mikono akala nasi. Lori lilirudi barabarani kabla ya mavuno, na deni lake alilimaliza mwaka uliofuata. Vyumba vya Kondoa havikurudi. Salha naye alichukua muda mrefu zaidi. Kwa kadiri ninavyojua hakuwahi kulitaja tena jambo lile, ila Idi ya mwaka 2005 alikuja Dodoma akakaa wiki nzima.

Mwaka huo huo palikuwa na mkutano katika ukumbi mmoja mjini, wa kuonyeshwa taarifa ya nchi nzima. Mtoa mada alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, hodari, mwenye mashine ya kurusha picha ukutani. Alionyesha mstari mmoja mweusi wa mikopo kutoka kwa wenye makampuni, mwaka hadi mwaka, ukipanda kutoka pembe hadi pembe ya ukuta. Ilipofika zamu ya maswali, Bi Batuli aliinua mkono kutoka safu ya nyuma. Aliuliza kimo cha ukuta ule ni dola ngapi, na mstari wenyewe una unene gani.

Baadhi walicheka. Kijana hakucheka, alikwenda ukutani akapima kwa rula, akamjibu. Bi Batuli akaandika nyuma ya ratiba ya mkutano, akagawanya, akazidisha, akanisogezea karatasi.

"Gulwe yote imo ndani ya wino," alininong'oneza. "Haifiki hata nusu ya unene wa mstari."

Nikautazama tena ule mstari mweusi, ulivyokuwa mrefu.